Nembo, Ukuta na Mkataba: Kazi ya Kujenga Chapa Mjini Machakos

Usanifu wa chapa ni kazi ya kuipa biashara, shule, chama au kaunti sura inayotambulika haraka na kukumbukwa kwa muda mrefu. Sura hiyo ina viungo vingi: jina, nembo, rangi, aina ya herufi, kifungashio, kibao cha mlangoni, hata sare ya mhudumu. Katika mji kama Machakos, ulio kilomita sitini na ushei kusini mashariki mwa Nairobi, msanifu wa michoro hapati wateja wa aina moja. Asubuhi huingia mwenye kinyozi anayetaka kibao, adhuhuri huja viongozi wa sacco ya matatu, na alasiri kikundi cha akina mama kutoka Mwala huulizia lebo za chupa za asali. Pesa ni kidogo na kila mmoja ana haraka. Anayedumu miaka mingi katika kazi hii hugundua kwamba mchoro wenyewe ni sehemu ndogo ya shughuli. Chapa hustawi au hufa kulingana na yale yanayoupata mchoro ukishatoka mezani: mkono wa fundi wa rangi, wino wa mchapaji, jua la miaka mitatu, na makubaliano yaliyoandikwa au kutoandikwa kabla ya penseli kushikwa.

Kazi huanza kwa maswali. Mteja anayesema anataka nembo mara nyingi ana shida nyingine ambayo hajaipatia jina. Pengine watu hupita mbele ya duka lake bila kuliona, na dawa yake ni kibao kikubwa na taa. Pengine bidhaa yake imekataliwa na supermaketi kwa sababu lebo haina tarehe ya kuisha muda, jambo lisiloponywa na nembo hata ikiwa nzuri namna gani. Msanifu mzoefu huuliza nani hununua, hununulia wapi, biashara huonekana kwanza kwa njia gani, ni vitu gani vitachapishwa mwaka huu, na nani ana neno la mwisho. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalogharimu zaidi. Kwa mwenye duka jibu ni rahisi. Shuleni, kanisani na kwenye sacco kuna kamati, na kamati hupenda kuchora.

Dawa ya kamati ni kuipa vitu vichache vya kuamua. Kuipelekea michoro kumi ni kuialika ichukue kichwa cha huu na mkia wa ule, na matokeo yake ni mnyama asiyejulikana. Michoro miwili inatosha, wa tatu ikiwa ni lazima, na kila mmoja uonyeshwe ukiwa kazini: umebandikwa juu ya picha ya ubavu wa matatu yao halisi, juu ya sweta ya shule yao, juu ya risiti. Wajumbe wakiona nembo katikati ya karatasi nyeupe hujadili kama wanaipenda. Wakiiona kwenye gari lao hujadili kama inasomeka, na mjadala huo ndio unaofaa.

Jina hutangulia nembo, na historia ya simu nchini Kenya inaonyesha gharama ya kulibadilisha. Kampuni iliyoanza mwaka 2000 ikiitwa KenCell iligeuka Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Kila mara wenye kampuni walikuwa na sababu zao, maana hisa zilikuwa zimehamia kwa mmiliki mwingine, lakini mitaani maana yake ilikuwa moja: kuta za maduka zilipakwa upya, kadi na vibao vikatupwa, na mteja akaanza kujifunza upya kumwita jirani yule yule. Katika miaka hiyo hiyo Safaricom ilibaki na jina lake na kijani chake, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuta rangi ambayo wateja wameshaizoea. Si kwamba rangi ya kijani ndiyo iliyoshinda soko; huduma ndiyo iliyoshinda. Rangi ilifanya kazi yake ndogo, nayo ni kumwonyesha mtu kutoka ng'ambo ya barabara mahali huduma ilipo. Mfanyabiashara mdogo anayebadili jina na rangi kila anapokodi chumba kipya hujinyima faida hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Ushauri wa maana anaoweza kupewa mara nyingi ni kwamba asiguse kitu, na msanifu anayeweza kutoa ushauri huo huku akijua anajinyima kazi ya kulipwa hurudiwa na mteja yule yule baadaye kwa kazi nyingine.

Kuhusu alama yenyewe, mfano mzuri zaidi nchini haukutoka kwenye ofisi ya matangazo. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, upande wa ndiyo ulipewa ndizi na upande wa hapana ukapewa chungwa. Hapana ilishinda, na lile chungwa likazaa chama cha kisiasa kilichobeba jina lake. Mwaka 2010 kura ya katiba mpya ilitumia rangi tu, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana. Alama hizo zilikuwa na sifa ambazo nembo nyingi za kulipiwa hazina. Zinatajika kwa neno moja. Mtoto anaweza kuzichora kwa kijiti mchangani. Hazihitaji kusoma. Mtu akiziona mara moja anaweza kumweleza mwingine kwa simu bila kumtumia picha.

Ndani ya kaunti yenyewe kuna mfano wa kiwandani. Kiwanda cha East African Portland Cement kilichoko Athi River huuza saruji yake kwa jina la Blue Triangle. Jina na picha ni kitu kimoja: anayejua kusoma husoma, asiyejua huona pembetatu. Tusker, bia iliyoanza miaka ya 1920, ina kichwa cha tembo na jina linalotaja pembe zake. Pale ambapo jina linaweza kuchorwa, lichorwe. Pale ambapo haiwezekani, ni afadhali kuandika jina kwa herufi zenye sura nzuri na kuacha hapo, kuliko kulitungia picha ya kulazimisha. Dunia inayozungukwa na mshale, mikono miwili inayopeana na jua linalochomoza nyuma ya herufi zimetumika mno hata hazimtambulishi tena mtu yeyote. Shuleni hali ni hiyo hiyo kwa kitabu kilichofunguliwa na mwenge. Ukisimama stendi ya mabasi siku ya kufunga shule, beji hizo kwenye masweta huwezi kuzitofautisha kwa hatua kumi, na kinachowaongoza wazazi ni rangi ya sweta. Msanifu akiombwa kubuni utambulisho wa shule mpya angeanzia hapo, kwenye sweta.

Kabla nembo haijakabidhiwa ipitishwe kwenye majaribio ambayo mitaa itaipitishia hata hivyo. Ichapishwe kwa upana wa sentimita moja, kwa kuwa ndivyo itakavyokuwa kwenye risiti. Igeuzwe rangi moja tu, kwa kuwa itatengenezewa muhuri wa mpira. Itiwe ndani ya duara, kwa kuwa picha ya WhatsApp hukatwa kwa duara na nembo ndefu ya kulala hupoteza ncha zake zote mbili. Ipelekwe kwa mshona nyuzi, ambaye atasema mara moja kama mistari ni myembamba kuliko uzi wake. Herufi zilizo chini ya nusu sentimita kwa kawaida huziba zikishonwa. Mwisho apewe fundi wa mabango aipake ukutani kwa brashi na rangi ya mafuta. Fundi huyo ndiye hakimu bora. Vivuli vinavyofifia taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine, ambavyo kompyuta huvitoa kwa kubonyeza mara moja, kwake ni kazi ya siku nzima isiyolipwa, naye ataviruka. Nembo itakayorukwa nusu na kila fundi itakuwa na sura nyingi kadiri ya kuta zilizopo.

Wasanifu wanaotafuta somo la mpangilio wangeanzia kwenye kanga, kabla hata ya vitabu vya Ulaya. Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maandishi, chini ya mji. Kila sehemu ina kazi yake na haiingilii nyingine. Jicho hushikwa na mji kutoka mbali, pindo hufunga picha isimwagike, na jina husomwa na aliye karibu. Pembeni, kwa herufi ndogo, huwa kuna alama ya mwenye duka: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza mwaka 1887, hujulikana kwa maneno Mali ya Abdulla. Alama hiyo ni ndogo kuliko kila kitu kingine kitambaani, na wanunuzi huitafuta. Wateja wanaomwambia msanifu aikuze nembo wangeangalia pembe hiyo ya kanga. Bango, kipeperushi na lebo vinaweza kupangwa kwa utaratibu huo huo wa ngazi tatu: kitu kimoja cha kuonekana mbali, maneno machache ya kusomwa karibu, na saini ya mwenye kazi.

Herufi zina matatizo ya mahali. Kikamba huandikwa kwa ĩ na ũ, na aina nyingi za herufi zinazopakuliwa bure mtandaoni hazina alama hizo. Kompyuta ikikosa herufi huazima ya aina nyingine bila kuuliza, na jina la mtu likatoka na ũ nyembamba katikati ya herufi nene. Kwenye kadi ya harusi au programu ya mazishi kosa hilo haliwezi kuelezeka kwa familia. Njia ya kulikwepa ni kuandika kwanza ĩ na ũ, ndogo na kubwa, kabla ya kuichagua aina yoyote ya herufi kwa kazi ya eneo hili. Kiswahili nacho kina maneno marefu, na programu za kompyuta zilizotengenezewa Kiingereza huyakata mwishoni mwa mstari popote zipendapo. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo neno hukatwa baada ya irabu, na ng' haitenganishwi na irabu inayoifuata. Ni salama zaidi kuzima ukataji wa kompyuta na kuvunja mistari kwa mkono. Ritifaa ya ng' nayo huharibika ovyo. Programu nyingine huigeuza kuwa alama ya kufungulia nukuu, na kwenye bango la futi kumi kila mwalimu apitaye ataiona. Aina mbili za herufi hutosha kwa chapa moja, na wengi wangefanya vizuri kwa moja yenye unene wa namna mbili.

Baada ya herufi huja jua. Machakos iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mwanga wake hauna huruma kwa wino. Katika uchapaji wa rangi nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, manjano na majenta ndizo hutangulia kufifia. Hii ndiyo sababu mabango ya zamani ya wagombea na picha za vinyozi hubaki na watu wa buluu. Nyama choma iliyochapishwa vizuri mwezi Januari huweza kuonekana kama samaki kabla mwaka haujaisha. Jambo linalobeba maana, kama jina, mshale na nambari ya simu, lisiachiwe nyekundu au manjano pekee juu ya turubai la nje. Litiwe nyeusi au buluu iliyokolea juu ya rangi nyepesi, nyekundu ibaki kuwa pambo. Pale ambapo nyekundu ndiyo rangi ya chapa, ni bora ipakwe kwa rangi ya mafuta au ikatwe kwenye stika yenye rangi ndani yake kuliko kuchapishwa kwa wino juu ya turubai. Vumbi jekundu la barabarani nalo linastahili kukumbukwa. Sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha nusu mita, huchafuka mvua ya kwanza ikinyesha, kwa hiyo maandishi yaanzie juu zaidi.

Umbali huamua ukubwa. Kanuni ya kazi inayotumiwa na mafundi wengi ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita tatu za umbali. Kwa kibao cha duka linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara hilo halina shida. Kwenye barabara kuu ya Mombasa, karibu na njia panda ya Kyumvi ambako magari ya Machakos huachana na yale ya pwani, hesabu hubadilika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Herufi za sentimita 30 husomeka vizuri kuanzia mita 36 hivi, kwa hiyo dereva ana chini ya sekunde mbili. Katika muda huo mtu husoma maneno matatu au manne: jina, aina ya biashara, upande wa kugeukia. Nambari mbili za simu, barua pepe, orodha ya huduma na aya ya Biblia hazisomwi na mtu yeyote, lakini mteja amezilipia rangi. Kinyume chake, tangazo lililo ndani ya matatu iliyosimama ikisubiri abiria linaweza kubeba maneno mengi, maana msomaji wake hana haraka na hana pa kwenda.

Bango la nje pia ni jambo la kisheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inauweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa serikali za kaunti. Kibali hutoka huko na ada hulipwa huko, na bango lililosimamishwa kwenye hifadhi ya barabara kuu huweza kung'olewa na mamlaka ya barabara bila fidia. Msanifu anayemkadiria mteja gharama za bango bila kutaja ada ya kaunti humtayarishia ugomvi.

Kaunti yenyewe imekuwa mteja mkubwa wa chapa. Alfred Mutua, aliyekuwa msemaji wa serikali ya Kenya wakati wa kampeni ya Najivunia Kuwa Mkenya, alichaguliwa gavana wa kwanza wa Machakos mwaka 2013 na kuleta kaulimbiu The Place to Be, iliyoenea haraka. Bustani ya Machakos People's Park na uwanja wa Kenyatta uliokarabatiwa viliipa kaulimbiu hiyo kitu cha kuonyesha, na hapo ndipo nguvu yake ilipotoka. Maneno yaliyotangulia kitu chenyewe yangechekwa. Udhaifu wa chapa za namna hii unajulikana katika kaunti zote. Zikishafungamana na kiongozi mmoja, muhula wake ukiisha magari hupakwa upya kwa fedha za umma. Anayeitwa kubuni utambulisho wa kaunti, manispaa au chuo hushauriwa kuuambatanisha na kitu kisichopigiwa kura, kama kilima, mto, zao au ufundi wa mahali, na kuiacha kaulimbiu ya utawala isimame peke yake, iondolewe bila kuvunja nembo.

Lebo ya bidhaa ni eneo ambalo msanifu hupimwa na mashine. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ndilo linalotoa alama ya ubora, na mnunuzi anaweza kutuma nambari ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kuihakiki. Nafasi ya alama na nambari hiyo itengwe tangu mwanzo, isibandikwe baadaye juu ya picha ya nyuki. Jina la bidhaa, uzito halisi, mtengenezaji na anwani, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda vyote huhitaji mahali pake. Msimbo wa mistari unaosomwa kwenye kaunta, unaotolewa na GS1 Kenya na kuanza kwa 616, una masharti yake ya kimaumbile. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe kwao ni karatasi tupu. Mistari iwe nyeusi au buluu iliyokolea, na pande zake mbili ziachwe wazi. Lebo ya kupendeza iliyokataa kusomwa kaunta huchapishwa upya yote.

Vifungashio vilibadilika kwa siku moja. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 iliondoa uso ambao maduka mengi yaliuchapishia majina yao. Waliokuwa na faili safi za nembo zao walihamia mifuko ya nguo na karatasi katika wiki chache; wengine walianza kutafuta aliyewachorea nembo miaka kumi nyuma, na wengi walibaki na picha ndogo iliyopigwa kwa simu.

Hapo ndipo mchapaji anapoingia, awe wa mjini Machakos au wa River Road, Nairobi, ambako kazi nyingi bado hupelekwa. Anahitaji faili la vekta, linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa jengo bila kuchakaa, na milimita tatu za ziada kila upande utakaokatwa. Anahitaji rangi zilizopangwa kwa wino: kijani kinachong'aa kwenye skrini ya simu hutoka kimepoa kwenye karatasi, na ni afadhali mteja alione hilo kwenye nakala moja ya majaribio kuliko kwenye elfu tano. Nakala hiyo itiwe saini na tarehe na mteja mwenyewe. Saini hiyo haimaanishi kwamba msanifu hamwamini mteja. Inamfanya mteja asome, na mara nyingi yeye ndiye pekee anayejua kwamba nambari ya simu imekosewa.

Makubaliano ya fedha yaandikwe hata na ndugu. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, mabadiliko mangapi yamo ndani ya bei (mara mbili ni desturi nzuri), malipo ya awali ni kiasi gani, faili gani zitakabidhiwa na lini. Nusu ya malipo kabla ya kuanza ni jambo la kawaida, na malipo kwa M-Pesa yameondoa kisingizio cha kwamba benki imefungwa. Bei ya usanifu itenganishwe na bei ya uchapaji na usafiri, kwa sababu mteja asiyeona tofauti hudhani analipia karatasi tu. Kazi ya kanisa, ya harambee au ya mpwa ikifanywa bure, itolewe ankara yenye bei kamili kisha punguzo lote lionyeshwe chini yake. Bila ankara hiyo, bei ya bure huenea haraka kuliko sifa ya kazi.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kifungu ambacho wasanifu wengi hawajakisoma. Kazi iliyoagizwa na mteja huchukuliwa kuwa haki yake imehamia kwake, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Msanifu anayetaka kubaki na haki ya michoro iliyokataliwa, au ya kuonyesha kazi yake kwa wateja wengine, hana budi kuyaandika hayo mapema. Kwa upande wa mteja, hatari iko kwingine. Kusajili jina la biashara kwenye eCitizen hakumlindi dhidi ya mwingine anayetumia nembo inayofanana. Ulinzi huo hutoka Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, kwa kusajili alama ya biashara. Kabla nembo haijaonyeshwa kamati, utafutaji ufanyike huko. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na usajili hudumu miaka 10 kisha huhuishwa. Husajiliwa kwa madaraja, ambayo ni 45 kwa mpangilio wa kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na ulinzi hauvuki daraja wala mpaka wa nchi. Disney ilipopata usajili wa Hakuna Matata nchini Marekani kwa ajili ya fulana, jambo lililokuja kuzua hasira kubwa Afrika Mashariki mwaka 2018, haikuwa imemkataza Mswahili kuyatamka maneno hayo; ilikuwa imejiwekea daraja moja la bidhaa katika nchi moja. Kinyume chake, ngao ya taifa na bendera haviingii kwenye nembo ya biashara bila kibali, kwa mujibu wa Sura ya 99 ya sheria za Kenya, hata kama mteja anasisitiza kwamba vinaonyesha uzalendo.

Kwa vikundi vya mafundi kuna njia inayofaa zaidi. Wamunyu, upande wa Mwala, ndiko uchongaji wa kibiashara wa Wakamba ulikoshika mizizi baada ya Mutisya Munge kujifunza ufundi huo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vinyago hivyo vimesambaa duniani kote, vingi bila jina la mahali wala la mchongaji. Vyondo navyo huuzwa hivyo. Sheria ya alama za biashara inaruhusu alama ya pamoja, inayomilikiwa na chama na kutumiwa na wanachama wanaotimiza masharti yake. Kazi ya msanifu hapo ni kubuni alama inayoweza kuchomwa kwa chuma cha moto kwenye mbao au kushonwa ndani ya ukosi wa kiondo, na kusaidia chama kuandika masharti. Masharti ni magumu kuliko mchoro, na bila hayo alama itakuwa ya kila mwuzaji wa kandokando ya barabara.

Zana hubadilika mara nyingi katika maisha ya kazi moja. CorelDRAW, ambayo bado inatawala maduka ya uchapaji, ilitoka mwaka 1989, Photoshop mwaka uliofuata, na Canva mwaka 2013. Sasa mteja hufika na nembo aliyotengenezewa na programu ya akili bandia usiku uliopita. Hakuna haja ya kumcheka. Ipitishwe kwenye majaribio yale yale ya risiti, muhuri, uzi na brashi, itafutwe KIPI na kwenye picha za mtandaoni kama haifanani na ya mwingine, kisha ichorwe upya kwa vekta kama itastahimili. Wanafunzi wa kazi nao waanzie kwa fundi wa mabango kabla ya kompyuta, wajue brashi inakataa nini.

Kila kazi ikamilikapo, mteja apewe bahasha moja ya faili: vekta, nakala nyeusi pekee, nakala nyeupe ya kuwekwa juu ya rangi, majina ya herufi zilizotumika na leseni zake, na vipimo vya rangi kwa wino, kwa skrini na kwa namba ya kopo la rangi ya mafuta. Msanifu abaki na nakala mahali pawili, kwa kuwa kompyuta huibwa na maduka hufungwa. Katika ukurasa wa kwanza wa mwongozo wa chapa ulio ndani ya bahasha hiyo iandikwe tarehe ambayo usajili wa KIPI utahitaji kuhuishwa, pamoja na cheo cha ofisini kinachohusika na kazi hiyo badala ya jina la mtu, kwa sababu katika miaka kumi katibu atakuwa amebadilika.